Warithi wa Sauti

Mwaka 2005 kampuni ya Hollywood Records ilitoa albamu iitwayo Killer Queen: A Tribute to Queen, ambamo wasanii mbalimbali waliziimba upya nyimbo za bendi ya Queen ya Uingereza. Msikilizaji wa Unguja huipokea albamu ya namna hii kama mtu aliyealikwa kwenye matanga ya jamaa yake, nyumbani kwa watu baki. Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa wazazi wa Kiparsi. Alipelekwa kusoma Bara Hindi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akahamia Uingereza pamoja na wazee wake. Alifariki London mwaka 1991.

Kuimba wimbo wa marehemu si jambo geni visiwani. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, naye Bi Kidude akaendelea kuziimba nyimbo zake hadi uzeeni, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo. Hakumuiga Siti. Aliufungua wimbo, akaugeuza alipotaka, kisha akaufunga kwa namna yake. Hiyo ndiyo mizani, na kwa mizani hiyo albamu ya 2005 ina mengi mepesi.

The Flaming Lips wa Oklahoma walijitwisha "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, wimbo wa takriban dakika sita ambao Mercury, Brian May na Roger Taylor walipachika sauti zao safu juu ya safu, hata watu watatu wakasikika kama umma. Waliufuata kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliowaponza: msikilizaji hulinganisha, na kila akilinganisha hutamani sauti ya mwenyewe. (Katikati ya wimbo ule mna neno ambalo mtoto wa Unguja hulitamka kabla ya kutia tonge kinywani. Kwa watu wa Oklahoma ni kikorombwezo tu.)

Los Lobos, Wamarekani wenye asili ya Meksiko kutoka Los Angeles, walikuwa wajanja zaidi. Walichagua "Sleeping on the Sidewalk" ya mwaka 1977, kisa cha mpiga tarumbeta fukara, ambao uliimbwa na mtunzi wake, Brian May. Mercury hasikiki humo kabisa. Basi hapana mzimu wa kushindana nao, na wanaupiga kwa raha kana kwamba umetungwa mtaani kwao. Yaweza kusemwa kwamba huko ni kukwepa. Hata hivyo, miongoni mwa wengi wanaonyoosha shingo kuifikia sauti ya mwingine, hawa wanaimba kwa sauti yao.

Wimbo ambao haukuguswa ni "Mustapha", uliofungua albamu ya Jazz ya mwaka 1978. Mercury aliutunga kwa Kiingereza, maneno ya Kiarabu na matamshi yasiyo na maana katika lugha yoyote. Huuanza peke yake, bila ala, kwa mwito mrefu ambao ni vigumu kwa aliyelelewa baina ya misikiti ya Mji Mkongwe kuusikia asigeuze kichwa. Wako wanaouona utovu wa adabu, na wana haki ya kuuliza. Laiti katika orodha ile angekuwamo mpiga ganuni wa visiwani, yamkini angeuchagua huo, akaupunguza mwendo, na ule mwito akauachia fidla peke yake.