Sehemu na Asili Yake

Katika hesabu zetu za Kiswahili, sehemu huandikwa kwa tarakimu mbili zilizotengwa na mstari. Ya juu huitwa kiasi, na ya chini huitwa asili. Asili hutaja kitu kizima kimekatwa vipande vingapi. Kiasi hutaja vipande vingapi vimetwaliwa. Mwenye thuluthi na mwenye robo wana kipande kimoja kimoja, lakini vipande vyao havikutokana na mkato mmoja. Kwa hiyo haviwezi kujumlishwa mpaka asili zao zipatanishwe.

Njia ya upatanisho hufundishwa katika shule za msingi. Hutafutwa kigawe kidogo cha shirika, yaani namba iliyo ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa kila asili bila ya baki. Jina hili lina hekima, kwani namba ile si mali ya upande mmoja, bali ni ya shirika. Kisha kila asili huzidishwa mpaka kuifikia, na kiasi chake huzidishwa kwa namba ile ile. 1/2 ikiitwa 3/6 hubadili sura, lakini haikupata wala haikupoteza kitu.

Mwanafunzi asiyeifahamu njia hii hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Akipewa 1/2 na 1/3 hujibu 2/5. Kosa hili huvutia kwa kuwa lina sura ya usawa. Lakini 2/5 ni pungufu ya nusu. Nusu imeongezwa kitu, nayo ikapungua!

Watu wengi hudhani kwamba kosa la namna hii huishia ubaoni. Mimi nililiona likiingia katika nyumba ya msiba. Katika kijiji kimoja cha milima ya Uluguru, niliitwa kushuhudia mgawanyo wa mirathi. Marehemu alikuwa Mwislamu; aliacha mke, mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Shamba la ukoo halikuguswa, kwani kwa mila ya Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Kilichogawanywa ni fedha, shilingi 2,400,000, baada ya gharama za maziko na madeni kulipwa. Kwa sheria ya Kiislamu, mke wa mtu aliyeacha watoto hupata 1/8, na mama wa marehemu hupata 1/6. Baki ni la watoto, na fungu la mwanamume ni mara mbili ya fungu la mwanamke. Aliyeshika kalamu alitaka kuziondoa kwanza sehemu za wanawake wawili kwa pamoja. Akajumlisha moja na moja, nane na sita. Akapata 2/14, akaifupisha kuwa 1/7, akatangaza shilingi 342,857.

Watu walinyamaza, maana tarakimu zikisomwa kwa sauti ya yakini huwatia wasikilizaji haya ya kuuliza. Aliyesema ni mama wa marehemu, ajuza asiyejua kusoma. "Mwanangu," alisema, "fedha hizo ukizitia mafungu sita, fungu langu moja ni laki nne. Mimi na mkwe wangu tukiunganishwa, mbona tunapata pungufu ya langu peke yangu?"

Sijasikia hoja ya hesabu iliyo safi kuliko hiyo. Hesabu ikarudiwa. Vigawe vya 8 na vya 6 hukutana kwanza katika 24. 1/8 ikawa 3/24, na 1/6 ikawa 4/24; jumla ni 7/24, yaani shilingi 700,000. Mke alipata 300,000 na mama 400,000. Shilingi 1,700,000 zilizobaki zikatiwa mafungu matano: binti akapata 340,000, na kila mwana 680,000. Lile kosa la kwanza lingaliwanyima wanawake wale zaidi ya nusu ya haki yao, tena bila ya mtu yeyote kukusudia dhuluma.

Jina la sehemu lisilojulikana asili yake ni kitendawili. Wazee wetu waliita senti hamsini thumuni, na hali ni nusu ya shilingi. Jina hilo lilikuwa la sehemu ya nane ya riale. Fedha ikabadilika, asili ikasahauliwa, jina likabaki.

Wanazuoni wa mirathi walikutana na jambo gumu zaidi. Mtu akifa akaacha mke, baba, mama na binti wawili, sehemu zao ni 1/8, 1/6, 1/6 na 2/3. Kwa asili ya 24 ni 3, 4, 4 na 16, na jumla yake ni 27. Mafungu yamekizidi kitu kizima! Husimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa swali hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui. Asili ilipandishwa ikawa 27, na 3/27 ni 1/9. Hivyo upungufu hubebwa na warithi wote kwa kadiri ya mafungu yao, wala hatupiwi mnyonge peke yake. Ndivyo wafuatavyo Sunni.

Neno asili hutumika pia kwa watu. Tangu reli kufika Morogoro mwaka 1907, Mluguru ashukaye mlimani amekutana mjini na watu wa asili nyingi, na Kiswahili kimekuwa kigawe chao cha shirika. Hilo ni jema. Lakini kanuni ina pande mbili: asili ikizidishwa, kiasi nacho sharti kizidishwe. Asili ikizidishwa kwa tatu na kiasi kikaachwa, 1/2 huwa 1/6, na huo si upatanisho, ni unyang'anyi. Vijana wengi wa mjini leo wanakisikia Kiluguru cha bibi zao kuliko wanavyokisema. Ikiwa majina yake ya miti, ya vijito na ya mbegu hayataingia katika kamusi na vitabu vyetu, Mluguru atakuwa amebadili asili bila ya kurudishiwa kiasi chake. Kazi ya kukirudisha ni yetu sisi tunaofundisha Kiswahili.