Chiwata: Zimeni Taa, Usiku Uingie

Mwambie mtu wa Dar kwamba wikiendi ndefu unampeleka mpenzi wako Masasi, uone atakavyokuangalia mara mbili. Safari za wapendanao tulizozoea ni Zanzibar, Bagamoyo au, kwa wenye mfuko mnene, Serengeti. Kusini? Kusini si wanakwenda wanunuzi wa korosho! Lakini kama wewe na mwenzako mnataka kujuana vizuri, tafuteni hema, pakieni blanketi nzito, mwende nyanda za juu za Wamakonde mwezi wa saba. Mkifika, zimeni taa. Hiyo ya taa ndiyo ninayotaka tuizungumze leo.

Njia si ya kutisha kama zamani. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 pale Rufiji, habari za kulala kwenye foleni ya kivuko zimebaki kuwa hadithi za wazee. Unapita Kibiti, Ikwiriri, Nangurukuru, Lindi, mpaka njia panda ya Mnazi Mmoja. Hapo wa Mtwara wananyoosha na wa Masasi wanashika mkono wa kulia. Ukifika Ndanda, kwenye abasia na hospitali ya Wabenediktini, utaona ukuta wa kijani umesimama kushoto kwako. Huo ndio ukingo wa nyanda za Makonde, na Chiwata iko huko juu.

Tulikuwa wapenzi jozi tatu. Hoteli hatukutafuta. Tulipiga hodi kwa uongozi wa kijiji, tukaelekezwa kwa bibi mmoja mwenye uwanja mpana chini ya mikorosho, tukakubaliana naye bei ya kupiga kambi na ya chakula. Wakati wa kipupwe mikorosho inachanua, na jioni harufu ya maua yake inakaa hewani kama mtu amepita na pafyumu. Baridi nayo si mchezo. Ukiondoka mjini na kikoi kimoja umekwisha.

Halafu giza likaingia. Giza la huko si la TANESCO wakikata. Ni giza lenye vitu ndani yake. Nyota ni kibao mpaka unahisi zinapiga kelele, na katikati ya anga unaona ule mkanda mweupe wa nyota zisizohesabika. Mwaka 2016 wanasayansi walichora ramani ya mwanga wa usiku duniani, wakakuta zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawauoni tena mkanda huo wakiwa nyumbani kwao, kwa sababu ya taa. Mwenzangu kazaliwa Kariakoo, na usiku ule aliuona kwa mara ya kwanza. Alinishika mkono akanyamaza dakika nzima, na yeye kunyamaza si kawaida yake!

Tatizo lilikuwa hema la tatu.

Wenzetu hao walikuja na taa za sola za kumeremeta, zile kama za Krismasi, wakazizungusha kwenye hema. Juu ya mkorosho wakatundika balbu kubwa ya kuchaji. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, balbu inawaka tu. Ukifumba macho unaiona, ukijifunika unaiona. Mimi na mwenzangu tukaanza kunong'ona: hawa wanataka waonekane na nani huku porini? Lakini kwenda kugonga hema la watu usiku wa manane, nani ana uso huo? Tukaugulia ndani kwa ndani.

Asubuhi bibi alitukuta kwenye chai. Shikamoo, marahaba, mmeamkaje. Kisha akauliza taratibu: "Wanangu, jana usiku mlikuwa na mgonjwa?"

Tukatazamana. Akafafanua kwamba pale kwao taa ikikesha ina maana. Ama kuna mgonjwa, ama kuna mama anajifungua, ama kuna msiba. Balbu ya barazani kwake inazimwa watu wakienda kulala, maana umeme ni wa Luku na hela haiokotwi. Majirani wawili walikuwa wameona mwanga wetu kwa mbali, na mmoja alikuwa ametuma mtoto aje kuuliza kama msaada unahitajika. Watu wenyewe ndio hao wanaoamka saa kumi alfajiri kupuliza salfa kwenye mikorosho, kwa ajili ya ule ugonjwa wa ubwiri unga. Kazi hiyo inafanyika umande ukiwa bado majanini na upepo haujaanza, kwa hiyo huwezi kuisogeza hadi saa mbili kwa kuwa hukulala vizuri. Korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba.

Bibi hakugomba. Aliuliza tu, akaenda kuangalia mihogo yake. Swali lile lilituingia kuliko matusi.

Wote tukamgeukia yule kaka wa hema la tatu, tukijua ni mbwembwe zake. Mkewe ndiye aliyeweka kikombe chini akasema, "Si yeye. Ni mimi."

Akatueleza. Kakulia Rufiji. Kati ya mwaka 2002 na 2004 kulikuwa na simba kule aliyeua zaidi ya watu 30 katika vijiji kadhaa kabla hajauawa. Watu walimpachika jina la Osama. Yeye alikuwa binti mdogo, na kila jioni mama yake alikuwa akifunga mlango na kuweka kibatari katikati ya chumba. Kwake taa ikizimwa, mlango umefunguliwa. Mumewe akabaki mdomo wazi. Miaka miwili ya ndoa, yeye alijua tu kwamba mke wake "anapenda mwanga".

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipoona kwamba adabu ya kambini haitoshi kuandikwa kwenye kibao. Mwanga unaomkera jirani unaweza kuwa ndio unaomshikilia mwingine. Na hofu ya dada yule si ya kitoto. Watafiti waliofuatilia mamia ya matukio ya simba kushambulia watu kusini mashariki mwa Tanzania, mikoa ya Lindi na Mtwara ikiwemo, walichapisha matokeo yao mwaka 2011. Walikuta hatari inapanda siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi unachelewa kuchomoza na jioni inakuwa nyeusi tii. Na mashambulizi mengi yalitokea kati ya magharibi na saa nne usiku, watu wakiwa bado wako nje. Baadhi walikuwa mashambani wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Bibi alituambia Chiwata simba hajasikika miaka mingi, lakini nguruwe pori bado wanamtoa mtu jasho.

Ukiutazama vizuri, utafiti huo unatoa jibu la kuwaridhisha wote wawili. Mwanga una kazi kubwa mapema, watu wakiwa wanatembea kwenda jikoni, bafuni na chooni. Saa nane za usiku, mmejifungia ndani ya hema, balbu ya juu ya mti inamwangazia nani?

Jioni ya pili tulipanga hivi. Bibi alituazima chemli, tukaiweka chini kwenye njia ya choo, utambi umeteremshwa. Taa zote nyingine zilitazama ardhini, si machoni mwa jirani. Saa nne chemli ikazimwa. Kila mtu alilala na tochi chini ya mto, na yule kaka akaahidi mbele yetu kwamba mkewe akitaka kutoka, saa yoyote, atatoka naye. Dada akacheka, akasema atamwamsha mara kumi.

Alimwamsha mara mbili. Najua, kwa sababu nilisikia zipu. Mara ya pili hawakurudi haraka. Walikaa nje, tochi imezimwa, wakiongea kwa sauti ya chini. Jicho la binadamu linahitaji kama nusu saa kulizoea giza kabisa, na tochi moja ya simu inakurudisha mwanzo. Nadhani waliimaliza nusu saa yao. Alfajiri walituambia wamekiona Kilimia kikichomoza mashariki, na muda si mrefu baadaye mashine za salfa zikaanza kunguruma mashambani.

Sasa, kama na nyie mnafunga safari, sikilizeni. Nyanda za Makonde ni za mchanga na maji huku juu ni ya shida, kwa hiyo bebeni yenu ya kunywa na msioge kama mko Masaki. Mkija mvua zikianza, kuanzia Novemba au Desemba, taa ya nje itawaletea kumbikumbi ndoo nzima. Wenyeji watafurahi, hema lenu halitafurahi. Tengeni siku moja ya Newala, msimame ukingoni pale Shimo la Mungu, muone bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo.

Na kabla hamjapakia hema, ulizaneni swali moja mkiwa bado nyumbani: wewe giza likiingia unaogopa nini? Usicheke jibu. Jibu hilo ndilo litakaloamua taa mnayohitaji, mtaiweka wapi, na mtaizima saa ngapi.