Raba za Kaboni
Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma, 1960, akiwa peku. Mwaka 2019, Kipchoge alikimbia umbali uleule Vienna kwa saa 1:59:40, akiwa na soli nene yenye bamba la kaboni. Mwaka uliofuata World Athletics ikaweka kikomo cha milimita 40. Sponji ile hubonyea na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu ya hatua, sibishi. Ila tulipokimbilia shule peku tulitua kwa mbele ya unyayo, kigimbi na kano vikawa springi yetu, bure. Sasa mdogo wangu anazitaka kwa mashindano ya mkoa. Bei: kodi yangu ya miezi miwili. Nitamtumia. Mazoezini, aendelee kukimbia peku nyasini.