Baiskeli ya Mbao Kwenye Mteremko wa Matogoro

Mama mwenzangu, kama hujawahi kufika Songea, njoo kwa basi kutoka Makambako na ukae dirishani. Pale Lukumburu barabara hujipinda kama nyoka, na abiria wote huegemea upande mmoja, kisha upande mwingine, bila mtu kuwaamuru. Mwenye mtoto mgongoni humhamishia kifuani. Ukishavuka hapo unadhani milima imekwisha, lakini ukifika mjini na kuinua macho juu ya mapaa ya mabati, unaiona Matogoro. Huko ndiko mto Ruvuma unakoanzia, ukiwa kijito cha kurukwa na mtoto, kabla haujawa mpaka wetu na Msumbiji na kwenda kuishia Bahari ya Hindi.

Mgeni akija hapa hupelekwa kwanza Mahenge, kwenye makumbusho ya Majimaji, na ni vema iwe hivyo, kwa kuwa mji wetu una jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hayo wameyaandika wengi. Mimi nataka nikupeleke mahali pasipo na kibao wala mlinzi: njia ya udongo mwekundu inayoshuka nyuma ya nyumba yetu. Kiangazi, udongo ukishakauka na kuwa mgumu kama sakafu, watoto wa kiume hujaa pale na baiskeli zao za mbao.

Kwa msomaji wa mjini ambaye hajaziona, baiskeli hizi hazina pedali wala mnyororo. Ni ubao mrefu wa kukalia au kupigia goti, magurudumu mawili ya mti, uma wa mbele na usukani. Kupanda mlima unaisukuma. Kushuka, Mungu ndiye ajuaye. Mtoto huegemeza mwili kulia ikienda kulia, na kushoto ikienda kushoto, maana usukani peke yake haumtoshi akishashika mwendo. Anayeikata kona bila kuweka mguu chini ndiye mkubwa wao, hata kama darasani anashika mkia.

Mwaka jana, likizo ya Juni, mwanangu wa tatu aliletwa nyumbani na wenzake wakiwa wamemshika kama jeneza. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda katikati ya kigasha, mahali ambapo mkono haupindi. Mimi ni muuguzi, nimeona mikono ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini nakuambia kweli, siku hiyo magoti yalilegea. Wa kwako si mgonjwa, ni wa kwako.

Jirani mmoja, mwenye nia njema kabisa, alikwisha kuushika mkono ule ili auvute “urudi”. Nilimzuia kwa sauti ambayo baadaye nilimwomba radhi. Akina mama, mkono uliovunjika hauvutwi wala haukandwi. Unafungwa jinsi ulivyo, kwenye kitu kigumu, ili usicheze, kisha mtoto anapelekwa hospitali. Nami nilipotafuta gango sikuona kitu karibu ila kipande cha usukani wa baiskeli ileile, kimekatika pamoja na mkono. Nikakizungushia kanga, nikamfunga nacho. Nilimtazama pia kichwani, nikamuuliza jina lake na siku gani leo. Mtoto aliyeanguka akatapika, akasinzia ovyo au akazungumza yasiyoeleweka, usimwache alale ukisema amechoka, mkimbize.

Alifungwa plasta, ile ambayo mitaani huitwa hogo, akakaa nayo wiki sita. Kila asubuhi nilivitazama vidole vyake: kama vina joto, kama vinacheza, kama rangi yake ni ya kawaida. Vikiwa baridi, vikivimba au kugeuka rangi, hogo limebana na mtoto hurudishwa hospitali siku hiyohiyo. Baba watoto kwa upande wake alikuwa na dawa moja tu. Alichukua shoka, akaenda nyuma ya jiko ilikolala ile baiskeli.

“Itachemsha maharage,” alisema.

Nilimwomba asubiri. Hata sasa sijui vizuri ni kwa nini. Labda kwa sababu kijana hakulia wala hakumbishia baba yake. Aligeuza uso ukutani. Nami nikaingia nyuma ya jiko, nikaitazama ile baiskeli kama ninavyomtazama mgonjwa. Tundu la gurudumu la mbele lilikuwa limelika likawa pana, gurudumu linayumba huku na huku. Usukani ulikuwa juu mno kwa kimo cha mwanangu. Breki haikuwapo. Nilipouliza, nikaambiwa baiskeli ilikuwa ya binamu yake, kijana wa miaka kumi na sita, akaiacha alipokwenda kusoma sekondari ya bweni. Yaani mtoto alikuwa amevaa viatu vya mtu mwingine, akakimbia navyo mlimani.

Basi tukabishana na Baba watoto kwa muda wa wiki nzima, kwa sauti ya chini, baada ya watoto kulala. Alisema mimi nawafunga wengine majeraha, halafu namrudisha wangu palepale alipovunjika. Hoja hiyo ni nzito, na sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba tukiichoma hii, atakwenda kupanda ya jirani, mbovu kuliko hii, mahali tusipomwona. Mwishowe akasema, “Fanya, lakini mimi sitakuja kutazama.”

Hogo lilipotolewa na mkono ukapata nguvu kidogo, tulipanda gari la Peramiho, safari ya kilometa kama 24 kuelekea magharibi. Njia hiyo naipenda, ingawa siku hizi unapishana na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, na kila lori likipita nilimtazama mwanangu nikisema moyoni, barabarani kamwe. Peramiho wengi mnaijua kwa abasia ya Wabenedikti walioingia pale mwaka 1898, na kwa hospitali yake. Lakini wamisionari wale walileta pia karakana na shule ya ufundi, ndiyo maana ukizunguka vijiji vya jirani utakuta mzee amekaa chini ya mwembe na randa yake, na milango anayotengeneza inafunga bila kusukumwa kwa bega.

Mzee wa namna hiyo ndiye tuliyemwendea. Hakuuliza bei tunayotaka. Alimwambia kijana asimame wima, akampima kwa kamba kutoka kiunoni hadi kisigino, kisha mikono akiwa ameinyoosha mbele. Akauliza uzito. Nilikuwa nimempima asubuhi kliniki: kilo 31.

“Mama nesi, wewe humpa mtoto dawa kwa kilo,” alisema. “Na mimi ni hivyohivyo.”

Tulikaa kwake hadi jua la saa tisa, na nilijifunza zaidi ya nilivyotazamia. Kumbe gurudumu halikatwi kama kipande cha gogo, ingawa ndivyo watoto wafanyavyo kwa kuwa ni rahisi. Kipande cha gogo kikikauka hupasuka kutoka katikati kwenda ukingoni. Yeye hushika mbao mbili nyembamba, akazigandisha pamoja nyuzi za mti zikiwa zimepishana, ndipo anachonga duara. Magurudumu alitumia masalia ya mninga, kiunzi akatumia mkaratusi. Ukingoni akapigilia utepe wa tairi kuukuu. Uma wa mbele hausimami wima. Huinamishwa kidogo ili gurudumu lifuate njia lenyewe bila kugeukageuka. Breki ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, mtoto anakikanyaga kwa kisigino. Na ubao wa kukalia aliupunguza unene katikati, akisema ukiwa mnene mno hautikisiki, na kila jiwe litaupiga uti wa mgongo wa mtoto. Ukiwa mwembamba mno utakatika. Kwa kilo 31 unene ni huu, akaonyesha kwa kidole gumba.

Siku ya pili tulipokwenda kuichukua alikuwapo binti mmoja Mjerumani, mfanyakazi wa kujitolea, amekuja kununua kigoda. Aliposikia habari ya kilo na unene alicheka, akasema kwao milimani mambo ni hayohayo, ila wao hushuka juu ya theluji, wamesimama kwenye ubao mmoja, miguu yote miwili imefungwa. Yeye mwenyewe alikuwa nao, umetengenezwa kwa kipimo chake. Alituchorea chini kwa kijiti. Ubao ule ndani ni vipande vya mti vilivyounganishwa, pembeni una ukingo wa chuma, na katikati una kiuno, mwembamba kuliko kichwani na mkiani. Mtu akiulaza kwa ubavu, ukingo huuma theluji, ubao hujipinda kama upinde, na wenyewe humzungusha kwenye kona bila kuburuzika. Kiuno kikichongwa sana, kona ni fupi na kali; kikichongwa kidogo, kona ni ndefu. Mtu mzito hutengenezewa mgumu zaidi, mwenye mguu mkubwa hutengenezewa mpana, vidole visije vikagusa theluji na kumwangusha. Na mtengenezaji hodari huushusha mlimani mwenyewe, akarudi karakana kupunguza au kuongeza.

Baadaye nilisoma kwamba mchezo huo, ulioingia kwenye Olimpiki mwaka 1998 kule Nagano, Japani, una asili ya nyumbani kabisa. Siku ya Krismasi mwaka 1965, huko Muskegon, Marekani, mama mmoja mjamzito alichoshwa na watoto ndani ya nyumba, akamwomba mumewe awatoe nje. Mume huyo, Sherman Poppen, akaunganisha mbao mbili za kuteleza zikawa moja, mabinti zake wakashuka nazo kilimani. Nani kati yetu hajamwambia mumewe maneno hayo mwezi wa Desemba?

Wala si kwa mchezo tu. Wasomaji mliofika Goma, Kongo, mmeiona chukudu, ndugu mkubwa wa baiskeli zetu. Wanaume huishusha kutoka vijiji vya milimani ikiwa na magunia ya viazi, kabeji na mkaa, goti moja juu ya ubao, na wengi hulisha na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Mjini wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Nilimweleza mzee habari hiyo. Alinyamaza akipiga msasa, kisha akasema, “Sanamu. Sisi tunapigiwa kelele na walimu.”

Jumamosi ya majaribio, Septemba, mzee alikuja Songea yeye mwenyewe na gari la asubuhi. Hakumruhusu mtoto kuigusa. Kwanza alifunga juu ya ubao gunia la mchanga la kilo 30, akaliachilia mteremko mfupi. Baiskeli ilikwenda wima hatua kama ishirini, kisha ikavuta kushoto na kulala kwenye majani. Akaifuata, akapiga magoti, akachungulia ekseli, akatoa tezo na kuchonga upande mmoja wa uma, kiasi cha unene wa ukucha. Gunia likashuka tena. Mara ya nne lilikwenda wima hadi chini.

Nikasema, “Mzee, nipande mimi kwanza.” Nilikuwa nimekaza kanga kabisa, na majirani walishaanza kucheka.

“Hapana, mama. Hii ni ya kilo 31. Wewe utaivunja, nayo itakuvunja.”

Basi sikuwa na la kufanya ila kwenda kusimama penye kona, palepale alipoanguka. Nilikuwa na bandeji mfukoni. Mazoea ya kazi. Nilimwona juu, mdogo sana, amepiga goti. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mwembamba kuliko wa kulia. Hakunitazama mimi, alitazama njia. Akaja. Kabla ya kona akakanyaga breki, vumbi likaruka, akaulaza mwili upande wa ndani hadi nikadhani goti litagusa udongo, na baiskeli ikazunguka pamoja naye, taratibu, kama mlango wa mzee yule unavyozunguka kwenye bawaba zake. Alipita karibu nami kiasi kwamba upepo wake ulinigusa kanga. Chini kabisa akaweka mguu, akasimama, akapiga kelele, “Mzee, bado inavuta kushoto kidogo!”

Mzee akashuka na tezo yake.

Siku hizi analeta nayo maji kutoka bombani, madumu mawili kwa mara moja, na mteremko wa kona anaruhusiwa Jumamosi tu, nikiwapo nyumbani. Baba watoto hakuja kutazama siku ile, kama alivyosema. Lakini juzi nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikasikia mtu nyuma ya jiko. Alikuwa amechuchumaa, kopo la grisi pembeni, anazungusha gurudumu la mbele kwa kidole na kulisikiliza.