Jua Lisiloonekana Katika Picha

Yako mambo ambayo sisi watu wa Lusangi tumeyazoea hata hatuyafikirii tena: jua la saa saba, mbu wa jioni, na homa inayomfanya mgonjwa aombe mlango ufungwe kwa kuwa mwanga unamwumiza macho. Sisi makatekista tunaozungukia wagonjwa tumeyaona mara nyingi. Ndiyo maana tuliposoma habari za Edwina Booth, mchezaji wa sinema wa Marekani, tulimhurumia upesi.

Bibi huyo alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Provo, jimbo la Utah. Jina lake la kwao lilikuwa Josephine Constance Woodruff. Alianza na sehemu ndogo ndogo katika sinema bubu, kama Our Modern Maidens ya mwaka 1929. Mwaka uleule kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ikampa kazi katika filamu ya Trader Horn. Bwana W. S. Van Dyke, mwongozi wa filamu, hakutaka kuipiga yote Hollywood. Aliwaleta wachezaji mpaka Mombasa, wakasafiri miezi mingi Kenya, Uganda, Tanganyika, hata hapa Kongo, iliyokuwa wakati ule chini ya Wabelgiji.

Edwina alicheza Nina, binti wa misionari, aliyepotea tangu utoto, akakua kati ya Waafrika wakamwabudu kama mungu. (Hadithi ya namna hii hutungwa na mtu akaaye mbali. Wazee wetu waliwaona Wazungu wakitetemeka kwa homa kama watu wengine, nani angewaabudu?) Basi, mungu wa sinema hana kofia wala nguo ya kutosha. Na kamera za siku zile zilitaka mwanga mwingi. Msichana wa miaka 24 akasimama juani karibu uchi, afanane na mtu asiyeungua. Mbu hawakujua kwamba yeye ni mungu.

Mwanzoni filamu ilikusudiwa kuwa bubu, lakini watazamaji wa Marekani walikwisha anza kudai sauti, mashine za sauti zikaletwa Afrika. Hivyo Kiswahili chetu husikika ndani yake, kinywani mwa Mutia Omoolu wa Kenya, aliyecheza mtumishi wa Horn. Baadaye naye alipelekwa California kumalizia kazi.

Filamu ilitoka mwaka 1931, ikasifiwa, ikatajwa kati ya zile zilizoshindania tuzo kubwa ya Hollywood. Mtazamaji aliona mto, majani, simba, na nywele nyeupe za Nina. Joto haliingii katika picha, wala homa. Twadhani ndiyo sababu hakuna aliyeuliza mapema kama mchezaji yule alilindwa.

Edwina alijikaza akacheza filamu nyingine chache, mojawapo The Last of the Mohicans ya mwaka 1932 pamoja na Harry Carey, yule aliyekuwa Horn. Kisha akaacha. Aliugua miaka mingi, akilala katika chumba kilichotiwa giza. Akaishtaki kampuni, akidai zaidi ya dola 1,000,000. Shauri likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Watu wakavumisha kwamba ugonjwa wa Afrika umemwua, na uvumi huo ukadumu, kwa maana ulifanana na sinema: mungu mweupe afa kwa laana ya msitu. Malaria si laana, wasomaji. Kila nyumba hapa kwetu yaijua, na dawa yake yajulikana.

Naye hakufa. Alipata nafuu, akatumika katika hekalu la dini yake ya Wamormoni mjini Los Angeles, wala hakupenda kuulizwa habari za Trader Horn. Alifariki mwaka 1991, mwenye miaka 86.