Gari Ipigayo Magoti



Tangu mwaka jana, kila harusi na kila khitma tunayohudhuria, watoto hutoka nje kuitazama gari yetu, na wakubwa huniuliza swali moja: mwalimu mzima wa miaka 66, aliyekwisha staafu, imekuwaje akanunua gari ya Kifaransa ya mwaka 1991, ambayo ikiegeshwa usiku hulala chini kama ngamia? Naona bora nijibu mara moja kwa maandishi, maana ndani ya jibu limo jambo litakalomfaa yeyote mwenye nia ya kununua gari ya namna hii.

Sababu ni mgongo wa mama watoto. Kutoka hapa Leicester hadi London ni mwendo wa saa mbili na zaidi, na kila alipokwenda kumtazama dada yake alirudi akalala siku mbili. Dada mtu naye ni mgonjwa, hasafiri. Tulikuwa na akiba kidogo ya nauli ya Unguja. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, Unguja haihami. Dada yangu sijui nitakuwa naye mpaka lini."

Basi nikaanza kutafuta Citroën BX. Gari hizi ziliundwa tangu 1982 hadi 1994, nazo hazina springi za chuma. Kila gurudumu lina tufe la chuma, na ndani ya tufe mna kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo kuna gesi ya naitrojeni, upande wa pili mafuta yanayosukumwa na pampu ya injini. Gurudumu likipanda tuta, mafuta huibana gesi, na gesi hubonyea taratibu. Gari ikipakiwa watu watano na masufuria ya pilau, valvu huongeza mafuta mpaka ikae sawa kama ilivyokuwa. Injini ikizimwa, presha hupungua kidogo kidogo, na gari hupiga magoti. Ukiiwasha asubuhi, hunyanyuka.

Aliyebuni mtambo huu ni Paul Magès, mtu asiyekuwa na shahada ya uinjinia. Ulianza katika magurudumu ya nyuma ya gari moja ya Citroën mwaka 1954, na Oktoba 1955 ukaonyeshwa Paris ukiwa kamili katika gari iitwayo DS. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Gari hii inaelea kweli, na kwa hiyo mnunuzi hana budi ajue kilichoundwa.

Mpwa wangu, ambaye ni dereva wa kazi, alinipinga waziwazi. "Mjomba," alisema, "kwa fedha hizo utapata Toyota ambayo fundi yeyote ataitengeneza. Hii ikikuharibikia njiani na shangazi yumo ndani, nani atakusaidia?" Sikumkasirikia. Mafuta yale yale yanayobeba gari ndiyo yanayoendesha breki, na presha ikikosekana, vyote viwili huwa hatarini. Nikamwambia afuatane nami, awe jicho langu la pili.

Gari ya kwanza tuliikuta kwa muuzaji mmoja, imeng'arishwa hata unajiona usoni. Tulikuwa tumemwomba asiiwashe kabla hatujafika, lakini tuliikuta imekwisha pashwa moto. Tukaegemea kila pembe kwa mikono: pembe nzima hubonyea kwa ulaini na kurudi, hizi zilikuwa ngumu kama gari la punda, dalili kwamba gesi imetoroka kwenye matufe. Injini ikiwa inanguruma, tulisikia mlio "tik" kila baada ya sekunde mbili tatu. Maana yake tufe la akiba ya presha limechoka, na pampu haipati kupumzika. Hayo yote hutengenezeka, kwani matufe hufunguliwa na kubadilishwa. Lakini tulipofungua kifuniko cha mafuta, hatukuona rangi ya kijani. BX hutumia mafuta ya madini ya kijani yaitwayo LHM. Ukitia mafuta ya breki ya kawaida, mipira yote ya ndani huharibika. Tukashukuru, tukaondoka.

Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja mjane, mwenye daftari la matengenezo ya miaka 20. Taa nyekundu ya STOP iliwaka, gari ikanyanyuka, taa ikazimika. Haifai kuondoka kabla taa hiyo haijazimika. Mafuta yalikuwa kijani safi. Mpwa wangu alilala chini na tochi akatazama vibomba vya nyuma, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hapa Uingereza huvila. Kabla ya kuingia aliweka stendi za chuma, maana gari iliyoshikwa na mafuta peke yake yaweza kumshukia mtu. Akatazama pia kama magurudumu ya nyuma yameinamiana kwa juu, dalili ya beringi zilizokwisha, kazi ya gharama. Yalikuwa wima. Nikalipa pauni 2,600.

Kabla ya kulipa, lakini, nilimuuliza mzee nani huitengeneza. Akanipa jina la fundi wake, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70. Citroën waliacha kuunda gari za mtambo huu mwaka 2017, na vijana wengi wa gereji hawajapata kuugusa. Hilo ndilo ninalotaka jamaa mlishike: gari ya namna hii hununuliwa pamoja na fundi wake. Kama humjui fundi, au huna subira, au unaitegemea kwa riziki ya kila siku, mfuate mpwa wangu, ununue Toyota.

Mama watoto amekwisha kwenda London mara saba. Mgongo haukupona, lakini akifika hukaa na dada yake, halali. Unguja tutakwenda tukijaaliwa. Na yule aliyenipinga, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huenda kwa fundi mzee kujifunza kazi, mikono imejaa mafuta ya kijani. Anasema anakwenda kwa ajili ya usalama wa shangazi yake tu. Mimi nimesomesha miaka mingi, namjua mwanafunzi aliyependa somo.

Wabillahi tawfiq.