Land Rover ya Chini ya Mwembe

Masika ya mwaka juzi alifariki mzee mmoja wa jamaa zetu mjini Kilindoni, na wosia wake ulikuwa azikwe kwao, kaskazini ya kisiwa. Tulimpeleka kwa pikipiki ya matairi matatu, jeneza limefungwa kamba na kufunikwa turubai, nasi tukifuata nyuma kwa bodaboda. Njia ya kwenda Rasi Mkumbi ilikuwa tope tupu. Mara mbili tuliteremka tukasukuma. Mara ya pili jeneza likaegemea upande, na mwanawe mkubwa akalikumbatia kwa mikono miwili mpaka tulipotoka katika lile dimbwi. Hakusema neno. Usiku ule, baada ya sala ya Isha, kamati ya msikiti ilikaa ikakata shauri kwamba litafutwe gari la kubebea maiti.

Mchango ulichukua miezi 11. Walitoa wavuvi, walitoa wenye minazi, walitoa kina mama kutoka katika vikoba vyao, na bibi mmoja aliuza kuku wanne akaleta fedha zote zimefungwa katika pindo la kanga. Sisi tunaoandika haya ndio katibu wa kamati hiyo. Daftari tunalishika sisi, na kila jina lililomo tunaijua sura ya mwenyewe. Zilipotimia shilingi 9,300,000 tukaanza kutafuta.

Vijana walitaka Noah. Hoja yao haikuwa mbaya: vipuri vyake ni tele, na mafuta inakunywa kidogo. Lakini tumbo la Noah liko karibu mno na ardhi, na barabara zetu, ukiiacha ile ya lami iendayo Utende, ni mchanga wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Wazee walitaka Land Rover, wala si kwa mapenzi ya mambo ya kale peke yake. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ikiwa imetoka vitani na chuma kikiwa cha mgao. Waundaji wakaamua bodi iwe ya aluminiamu, na chesisi ndiyo iwe ya chuma. Dhiki yao ikawa faida kwa watu wa pwani, kwani aluminiamu huustahimili upepo wa chumvi kuliko bati la chuma. Tuliyoizoea sisi ni ile ndefu iitwayo 109, kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109, na toleo lake la tatu liliundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Viti vya kati vikitolewa, jeneza huingia likalala sawasawa. Na anayedhani gari hizo zimekwisha nchini, na akumbuke tamasha la Arusha la Oktoba 2024, jinsi zilivyojipanga barabarani mamia kwa mamia.

Ya kwanza tuliletewa kwa picha za simu. Muuzaji alikuwa Dar es Salaam, gari linang'aa rangi ya kijani, naye akataka tutume fedha kisha alipakie katika kivuko cha Nyamisati. Tulimjibu kwamba sisi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwa kauli inayotegemewa kwetu kitu ambacho mnunuzi hajakiona hakiuziki. Alicheka. Basi tukavuka wenyewe pamoja na fundi. Fundi alilala chini ya gari kwa muda wa dakika tano tu. Alikwaruza chesisi kwa bisibisi. Chini ya rangi pakatoka puti, na chini ya puti pakatoka gazeti lililosokotwa na kushindiliwa ndani ya tundu. (Hatukuthubutu kutazama ni gazeti gani.) Tulirudi kwetu tukikumbushana jinsi Mtume wetu (s.a.w.) alivyotia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini ya nafaka kavu, akamkemea mwenye mali. Tukaazimia kutafuta gari ambalo halijapakwa kitu.

Kumbe lilikuwa kisiwani humu humu, katika kijiji kimoja mbele ya Kirongwe, limesimama chini ya mwembe tangu mwenyewe alipofariki miaka minne nyuma. Halikuwa limekarabatiwa hata kidogo. Rangi ilikuwa ile ya kiwandani, imepauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani, na majani ya mwembe yamejaa juu ya paa. Mwanawe mkubwa ndiye aliyekuwa akiliwasha mara moja moja, na ndiye aliyetupokea.

Jambo la kwanza alilofanya fundi ni kuweka kiganja juu ya injini kuhakikisha kwamba ni baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla mgeni hajafika huficha mengi. Akasugua oili kati ya vidole: ilikuwa nyeusi, lakini haikuwa na ule weupe wa chai ya maziwa unaoonyesha kwamba maji yamepenya. Kisha akachomeka mpini wa kuwashia kwa mbele, maana gari hizi bado zina tundu la kuzungushia injini kwa mkono, akazungusha polepole huku akihesabu. Mara nne injini ilimkaidi, silinda moja baada ya nyingine, na ya tatu ilikuwa dhaifu kidogo. "Valvu," alisema. Hatukumuuliza alijuaje.

Baada ya hapo alichukua nyundo ndogo, na hapo ndipo lilipo gari lenyewe. Aligonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma, hatua kwa hatua, akiwa amelaza sikio kama mganga juu ya kifua cha mgonjwa. Chuma kizima huitikia kwa mlio; kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa. Pande zote mbili ziliitikia mpaka tulipofika kwenye boriti ya mwisho ya nyuma, na hapo nyundo ikazama ndani, kutu ikamwagika kama unga wa kahawa. Ukuta wa chuma ulioko mbele ya miguu ya dereva ulikuwa na tundu la kupita ngumi. Katika kingo za milango, mahali aluminiamu inapogusana na chuma, tulikuta unga mweupe, kwani viwili hivyo vikikutana katika unyevu wa chumvi aluminiamu ndiyo inayoliwa. Yule kijana alisimama akiangalia yote hayo. Hakubisha. Alisema tu kwamba anauza gari kama lilivyo, nasi tukamweleza kwamba maneno hayo, kwa madhehebu yetu, hayamwondolei dhima ya aibu ya gari anayoijua akainyamazia. Akatuonyesha yeye mwenyewe breki ya nyuma kushoto inayovuja. Bei ikateremka kutoka milioni 9 hadi milioni 8, na tuliondoka moyoni tukimshukuru.

Sasa tunakiri kosa letu. Kijana alitaja kwamba kuna mnunuzi mwingine anakuja Ijumaa. Tukapata hofu, na bila ya kuirejea kamati tukatoa shilingi 500,000 za msikiti, tukampa kuwa arubuni, tukaandikiana karatasi. Siku ya pili yake ndipo tulipoomba kadi ya gari. Namba ya chesisi iliyogongwa karibu na springi ya mbele kulia ililingana na ya kadi, tarakimu kwa tarakimu. Jina lilikuwa la marehemu baba.

"Mirathi imekwisha gawanywa?" tulimuuliza.

"Katibu, gari hili nimelitunza mimi miaka yote hii."

Tulimuuliza tena. Akainamisha kichwa akasema, "Mama yuko ndani, muulizeni."

Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Alitueleza bila ya kupandisha sauti kwamba hakuna kilichogawanywa. Mabinti watatu wameolewa, mmoja Jibondo na wawili Dar es Salaam, na mdogo wao wa kiume bado anasoma. "Hawajauliza," alisema, "nami sikutaka wagombane, mwanangu."

Tumesoma elimu ya mirathi chuoni miaka miwili, na tunaifundisha madrasa kila Jumamosi. Usiku ule hatukulala. Fedha za yule bibi wa kuku zilikuwa zimekwenda kununua mali ya watu sita kwa mkono wa mmoja, na juu ya mali hiyo tulikusudia kuwabeba maiti wa Kiislamu. Arubuni, kwa madhehebu yetu, muuzaji haili biashara isiposimama. Lakini tulipoidai, kijana alikuwa amekwisha kununulia nyavu. Siku ya Ijumaa tuliiambia kamati yote. Mwenyekiti wetu, mzee asiyependa maneno mengi, alisema, "Iandike katika daftari. Kwa jina lako." Tukaiandika kama deni letu.

Ikabidi kusubiri. Ukoo ulikaa kikao, ukampendekeza mwana mkubwa, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Yote hayo yalichukua zaidi ya miezi mitatu. Katika muda huo tuliwazika watu wawili kwa pikipiki ile ile, na wapo waliotutazama makaburini kwa jicho ambalo bado tunalikumbuka. Binti mmoja wa Dar es Salaam alikataa kabisa mpaka kaka yake alipompigia simu mwenyewe, akamwomba radhi.

Marehemu hakuacha deni wala wasia, na wazazi wake walimtangulia. Milioni 8 ikagawanyika bila ya baki: thumuni ya mke milioni 1, kila mwana wa kiume milioni 2, kila binti milioni 1. Mwana mkubwa alipokea 1,500,000, kwa kuwa laki tano alikwisha kuzichukua, na jina letu likafutwa katika daftari. Wa Dar es Salaam walipelekewa fungu lao kwa simu. Yule wa Jibondo alikuja kwa mashua, akazihesabu fedha mara mbili mbele ya mama yake, akazifunga, kisha akaomba aketi ndani ya gari kidogo kabla hatujaliondoa.

Boriti ya nyuma imechomelewa mpya, valvu na breki zimetengenezwa, na mpaka tunaandika haya gari limebeba majeneza manne, moja hadi Bweni katikati ya mvua. Fundi alipouliza rangi gani apige tulimwambia aache. Ndani ya mlango wa kushoto zimo hesabu za nazi alizochora marehemu kwa msumari, safu kwa safu, na siku ile binti yake alikuwa akizisoma kwa kidole.